Wawindaji waliojua kusimulia

Juma hili nimeamua kuiacha siasa ipumzike kidogo, nayo itupumzishe sisi. Nataka tuzungumze habari za majarida ya uwindaji ya Marekani na watu walioyaandikia. Najua wapo watakaouliza: sisi watu wa daladala na foleni, mambo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, na kwangu mimi yana kidonda chake, kama mtakavyosikia.

Jambo lenyewe lilianzia kwa muuza vitabu vikuukuu anayetandaza bidhaa zake kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Miaka kadhaa iliyopita niliokota pale jarida la Kimarekani la miaka ya 1950, jalada limetafunwa na mende, ndani mna matangazo ya bunduki, mabuti na tumbaku ya kiko. Nilinunua ili nikayacheke matangazo. Usiku ule nikajikuta nasoma habari za mtu aliyehangaika siku tisa milimani akimfuata kondoo mwitu mmoja dume. Siku tisa! Baridi, kiatu kimetoboka, unga umekwisha, na mwenzake hamsemeshi. Sikuweza kuliweka chini. Mahali mambo yalipopamba moto pameandikwa kwamba habari inaendelea ukurasa wa 96, na ukurasa wa 96 haukuwapo. Huenda ulikwishafungia karanga.

Tangu hapo nikawa mwindaji wa majarida. Nikagundua kwamba historia yake si ndogo.

La kwanza kupata nguvu lilikuwa Forest and Stream, lililoanzishwa na Charles Hallock mwaka 1873. Likafuatiwa na Sports Afield mwaka 1887, Field & Stream mwaka 1895 na Outdoor Life mwaka 1898. Wakati ule miji ya Marekani ilikuwa inafurika watu waliotoka mashamba. Karani aliyezaliwa kijijini, ambaye sasa anashinda ofisini akinakili barua, alilinunua jarida ili akumbuke harufu ya majani yenye umande. Mwenzetu huyo tunamfahamu. Ndiye yule anayepanga chumba Manzese na kila mara anazungumzia mto wa kwao.

Lakini msidhani yalikuwa mambo ya kuburudisha tu. Hebu niwasimulie kisa kimoja, maana hiki ndicho kilichonifanya niyaheshimu.

Mhariri wa Forest and Stream tangu mwaka 1880 alikuwa George Bird Grinnell, msomi na mwindaji. Wakati huo baisani, yaani mnyama wa jamii ya nyati wetu lakini mwenye nundu na manyoya mazito, aliyepata kuzagaa kwa mamilioni katika nyika za Marekani, alikuwa karibu kwisha kabisa. Kundi la mwisho la porini nchini humo lililokuwa na maana lilikuwa limejibanza ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Hifadhi ilikuwa imetangazwa tangu mwaka 1872, askari walikuwapo, amri zilikuwapo, ila hapakuwa na sheria ya kumwadhibu mtu. Jangili akikamatwa alinyang'anywa vyombo vyake na kufukuzwa. Basi.

Mwaka 1894, katikati ya majira ya baridi, Grinnell alimtuma mwandishi wake, Emerson Hough, aingie hifadhini akaone kwa macho yake wanyama wamebaki kiasi gani. Akazunguka juu ya theluji kwa mbao za kutelezea. Mungu akamleta mahali penyewe kwa siku zenyewe, kwani tarehe 13 Machi mpelelezi wa jeshi aitwaye Burgess alimfuma jangili mmoja, Edgar Howell, akichuna baisani aliotoka kuwaua. Burgess alikuwa na bastola, Howell alikuwa na bunduki, na baina yao palikuwa na uwanda mweupe wa yadi 400 hivi usio hata na kijiti cha kujificha. Burgess akaivuka nafasi ile. Upepo ulikuwa unavuma vizuri kwa upande wake, mbwa wa Howell hakubweka, na kofia ya Howell ilikuwa imemshukia machoni. Alipoinua kichwa, bastola ilikwishafika.

Hough aliyapata haya yote yangali moto. Akazungumza na jangili mwenyewe, ambaye hakuona haya hata kidogo: alipiga hesabu kwamba vyombo atakavyonyang'anywa havifiki thamani ya dola 27, ilhali vichwa vile vingemwingizia dola 2,000. Habari ikapelekwa kwa simu ya maandishi, Grinnell akaichapa, na wasomaji wakaishika Bunge la Washington shingoni. Tarehe 7 Mei, haijatimia hata miezi miwili, Rais Cleveland alitia sahihi sheria ya kuwalinda wanyama wa Yellowstone, yenye faini ya hadi dola 1,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Hata hivyo kundi liliendelea kupungua, na ilipofika mwaka 1902 walibaki kama dazeni mbili. Leo ni maelfu.

Sisi tulio katika kazi hii tunafundishwa kwamba habari hubadilisha mambo. Mara nyingi ni maneno ya kutiana moyo. Pale ilitokea, na gazeti lenyewe lilikuwa la wawindaji.

Neema kubwa ya waandishi hawa ilikuja baadaye, tuseme kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960. Jarida lilikuwa na kurasa nyingi na mhariri alikuwa na subira. Alikuwapo Jack O'Connor wa Outdoor Life, mzaliwa wa Arizona, mwalimu wa uandishi wa habari katika chuo kikuu cha huko kabla ya kuacha chaki na kushika kalamu moja kwa moja. Aliandika habari za bunduki hadi mwaka 1972, lakini hata asiyejua risasi inatokea upande gani anamwelewa, kwa sababu sentensi zake ni fupi na hazina majivuno. Alikuwapo Ed Zern wa Field & Stream, mtu wa utani, ambaye mwaka 1959 alikihakiki kitabu kimoja cha Kiingereza kilichokuwa kimepigwa marufuku kwa mambo ya chumbani, kinachosimulia bibi wa kitajiri na mlinzi wa wanyama wa shamba lao. Zern akakihakiki kana kwamba ni mwongozo wa ufugaji wa ndege wa kuwindwa, akilalamika kwamba kina kurasa nyingi zisizohusu kazi!

Naye Robert Ruark, wa North Carolina, alianza mwaka 1953 kuandika Field & Stream kila mwezi habari za mtoto na babu yake: jinsi mzee anavyomfundisha mjukuu kuwinda tombo, kuvua samaki, na kumwacha mwenzako apige kwanza. Katika kurasa nyingi hakuna kinachouawa. Mzee anavuta kiko na kuzungumza, na msomaji hachoki.

Huyu Ruark ndiye anayenirudisha nyumbani. Mwaka 1951 alikuja kuwinda Tanganyika, akaandika kitabu kilichowavuta wageni wengi. Kabla yake, mwisho wa mwaka 1933, alikuja Ernest Hemingway. Aliugua tumbo la kuhara damu, akapelekwa Nairobi kwa ndege, akaandika barua za Tanganyika zilizochapwa katika jarida la Esquire mwaka 1934. Kitabu chake cha mwaka uliofuata kinasimulia, kwa sehemu kubwa, jinsi alivyomkosa tandala. Na alipompata hatimaye, akarudi kambini kukuta mwenzake amepata mwenye pembe kubwa zaidi. Hapo namvulia kofia. Ni mabwana wangapi wangekubali kuliandika hilo?

Lakini someni kitabu hicho kwa jicho la mtu wa huku. Aliyeona nyayo ni nani? Aliyejua kwamba mavi yale ni ya asubuhi na si ya jana ni nani? M'Cola, mbeba bunduki, anatajwa kwa heshima. Wengine wanabaki na majina ya utani: mmoja amepewa jina la mcheza tamthilia wa Uingereza kwa sababu mgeni aliona ana madaha. Siwalaumu sana waandishi. Waliandika walichokiona, tena kwa ufundi. Mwenye kuulizwa kwa nini upande wa pili hauna kitabu si Hemingway.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Babati, alikuwa msoma nyayo wa makampuni ya uwindaji katika miaka ya 1950 na 1960. Aliacha kabla ya Serikali kuusimamisha uwindaji mwaka 1973, na uliporuhusiwa tena mwaka 1978 hakurudi. Jioni, akishakula, alikuwa akisimulia. Kitu ambacho akina O'Connor walilipwa kukifanya, yeye alikifanya bure, kwa watoto waliokuwa wanasinzia. Alijua mahali pa kunyamaza. Alijua kukuacha porini na mnyama aliyejeruhiwa huku yeye akitafuta ugoro wake taratibu.

Mimi nilisoma diploma ya uandishi wa habari. Nilipewa kinasa sauti. Nimekwenda Babati nacho mara mbili kikazi, kurekodi hotuba za uzinduzi wa visima, na mara zote mbili nililala kwa babu. Alifariki mwaka 2009. Hotuba ninazo.

Outdoor Life liliacha kuchapwa kwenye karatasi, lakini matoleo ya zamani yapo, mtu akitaka atayapata maktabani. Kisa cha nyati ambacho babu alikuwa akikirudia nimejaribu kukiandika mwenyewe. Nakumbuka palikuwa na mto, maji yamefika kiunoni, nyati yuko ng'ambo ndani ya matete na mgeni ameishiwa risasi. Wa kuvuka kwanza alikuwa babu. Nani alipiga ile ya mwisho, na kwa bunduki ya nani, sikumbuki. Nimemwuliza mama, nimewauliza wajomba. Kila mmoja anasema alikuwa amekwishalala.