Senti Iliyoliwa kutoka Ndani

Senti moja, Marekani
Zinki 97.5%, shaba 2.5%, gramu 2.5

Shaba ilipopanda bei, mwaka 1982 Marekani ilianza kutengeneza senti kwa zinki na kuifunika kwa tabaka jembamba la shaba. Sura ni ya Rais Abraham Lincoln.

Tabaka hilo likikwaruzwa, unyevu na chumvi ya jasho hupenya. Hapo metali hizi mbili hufanya kazi kama betri: zinki huliwa haraka, shaba ikabaki salama. Tazama malengelenge karibu na ukingo: chini yake zinki imegeuka unga mweupe unaoinua shaba.

Sarafu hii huwekwa pakavu na haishikwi kwa mkono mtupu, kwani zinki ikishaliwa hairudi.