Jukwaa au Ulingo?

Kaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa hapa Sigino, kata ya mji wa Babati, usikilize namba ya M-Pesa inavyosomwa: nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Hakuna kamati iliyoketi kuamua kwamba alama # iitwe reli. Mtu aliitazama, akaona vyuma viwili vimelala juu ya mataruma, akatamka neno, wenzake wakalipokea. Babati hakuna njia ya treni. Neno limefika kabla ya behewa.

Nalitanguliza neno hilo kwa sababu kijana wa hapa anayeandika programu za simu ana swali la kujibu, na maneno ya swali lenyewe hayakuzaliwa kibandani: muda wake aupeleke kwenye jukwaa lipi? Android, iPhone, au ile menyu ya nyota na reli ambayo wahandisi huiita USSD? Naona majina tuliyovipa vitu hivi yameshamjibia kabla hajahesabu chochote.

Jukwaa ni mahali pa anayetazamwa. Mwimbaji hupanda jukwaani, mgombea hupanda, sisi wengine tunabaki chini tumeinua shingo. Neno hili lilipohamishiwa kwenye simu, picha hiyo lilikuja nayo. Anayeambiwa achague jukwaa atatafuta lenye taa nyingi.

Wakulima wana neno jingine, na wewe msomaji huenda umelisikia kwa bibi yako: ulingo. Wengine husema dungu. Ni kichanja kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, mlinzi akae hapo kufukuza ndege na nyani nafaka inapokomaa. Aliye ulingoni hatazamwi, anatazama. Tena ulingo huusimiki popote. Unazunguka shamba kwanza, unapima kwa macho, unajiuliza: nikikaa hapa, kona ya mwisho nitaiona? Hilo ndilo swali analopaswa kujiuliza kijana wetu kama nia yake, tuseme, ni kuwafikishia wakulima wa mbaazi bei ya leo. Napendekeza basi tuseme ulingo wa Android, ulingo wa iPhone, ulingo wa nyota.

Utaniambia ulingo umeshachukuliwa na mabondia. Sioni ubaya. Tangu 2008, duka la programu la Apple lilipofunguliwa na simu ya kwanza ya Android ilipotoka, kampuni hizo mbili hazijashuka ulingoni. Na kila ulingo una gharama ya nguzo zake: Apple hutoza dola 99 kwa mwaka, Google dola 25 mara moja, na menyu ya nyota haisimami bila mapatano na kampuni za simu.

Sasa simu zenyewe. Kitochi, jina la simu ndogo ya kubonyeza, ni neno ninalolipenda kwa dhati. Ki- ya udogo, kisha tochi, basi. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na taa kichwani, na watu wetu waliona kwamba usiku, taa hiyo ni habari kubwa kuliko kengele. Mwaka 2019 Vodacom ilipoleta simu ya bei nafuu yenye intaneti, iliiita Smart Kitochi: neno la mtaani likapanda hadi kwenye boksi. Ningefurahi zaidi kama lingepanda na mwenzake wa Kiswahili, likawa Kitochi Erevu.

Kiswaswadu ni habari nyingine. Kinataja simu ileile ya kubonyeza, lakini kwa dharau, na dharau hiyo haiishii kwenye simu, inamfikia aliyeishika. Wakati huohuo simu ya kupangusa tumeiita simu janja. Weka majina hayo mawili mbele ya kijana wa miaka ishirini umuulize amwandikie nani programu. Nani atajisifu kwamba anafanyia kazi viswaswadu? Tulinde kitochi, tukiache kiswaswadu kifie mitaani.

Na janja je? Mjanja ni mwenye akili, lakini ukikaa naye unahesabu chenji yako mara mbili. Mwerevu ana akili bila kivuli hicho. Simu erevu ingetosha. Najua janja limeshaenea na halirudi nyuma kirahisi, ila mwandishi anayejali anaweza kuanza leo.

Anayeandika programu tumempa jina la msanidi, na mipangilio ya Android kwa Kiswahili inalitumia. Halina kosa, ila limebanwa kati ya msanii na msanifu, na sikio linayachanganya. Fundi lingekuwa neno bora kuliko yote, lakini fundi simu ni yule wa kubadilisha vioo, ana haki yake. Mimi nasema mtunzi wa programu. Kutunga kuna pande mbili: mtunzi wa mashairi, na mtunga shanga anayepitisha uzi tundu kwa tundu. Kazi hii ina yote mawili.

Hasa kwenye ulingo wa nyota, ambako ujumbe mmoja haupiti herufi 182. Hapo kila neno lina bei, kama mizani kwa malenga. Tuma pesa, toa pesa: maneno mawili mawili, hakuna la ziada. Na hapa Sigino kuna wazee wanaoota kwa Kigorowa na kusoma menyu kwa Kiswahili. Neno gumu moja linawarudisha kwa wakala.

Limebaki neno muda. Menyu hutuuzia muda wa maongezi, na hapo neno limekaa vizuri, kwa kuwa muda ni kitu cha kupimwa na kukatwa. Mtunzi naye anatoa muda. Mkulima ana wakati, ambao haupimwi, unafika. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje, mbaazi za hapa zilikuwa mavunoni, bei ikaanguka. Wakati kama huo ukifika, bei iliyowekwa ndani ya programu ya kupakua humngoja mwenye bando. Iliyowekwa kwenye nyota na reli, mzee anaipata mwenyewe akiwa kati ya matuta, na jua likizama anawasha tochi ya simu hiyohiyo aione njia ya nyumbani.