Zoo FC (Kericho)

Zoo FC ni klabu ya kandanda ya Kericho, mji wa chai magharibi mwa Kenya. Iliuwakilisha mji huo katika Ligi Kuu tangu 2017 hadi 2021, ikichezea nyumbani katika uwanja wa Kericho Green. Mashamba makubwa ya Kericho na Bomet wakati huo yalikuwa ya kampuni kama James Finlay na Unilever, lakini Zoo haikuwa timu ya kampuni ya chai. Mwenyekiti wake alikuwa Ken Ochieng.

Ilipanda daraja wakati ligi ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, jambo lililozua mvutano kati ya Shirikisho la Kandanda la Kenya (FKF) na kampuni ya KPL iliyoendesha ligi. Wengine waliopanda msimu huo walikuwa Nzoia Sugar, Nakumatt na Kariobangi Sharks. Anayetaka kujua klabu za Kenya humilikiwa vipi azitazame hizo nne. Nzoia ilitegemea kiwanda cha sukari. Nakumatt ilitegemea supamaketi. Biashara ilipoporomoka timu ikabadilisha mikono, ikaitwa Mount Kenya United na kushuka daraja 2019. Sharks ilianzishwa na mfanyabiashara Nick Mwendwa, aliyechaguliwa rais wa FKF mwaka 2016. Zoo haikuwa na kiwanda wala duka nyuma yake.

Chini ya kocha Herman Iswekha iliendelea kubaki ligini msimu baada ya msimu, ingawa si kwa raha. Mshambuliaji wake Nicholas Kipkirui alihamia Gor Mahia mwishoni mwa 2018. Klabu ndogo kuuza nyota wake kwa mabingwa si ajabu.

Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, mdhamini mkuu wa ligi, ilifunga shughuli zake Kenya kufuatia mzozo na serikali, na klabu zisizo na tajiri wa kuzishika mkono ndizo zilizoumia zaidi. Mdhamini aliyefuata, BetKing, naye alitoka katika biashara hiyohiyo ya kamari.

Mwaka 2021, msimu ukiwa bado unaendelea, FIFA iliipata Zoo na hatia ya kupanga matokeo ya mechi. Klabu ilifukuzwa ligini na kushushwa daraja, na msimu ukamalizwa na timu 17.