Manifoldi ya Juzi, Injini ya Kitambo: Hiyo "Orijino" Mnayolilia Ilitoka Wapi?

Kila nikiweka picha ya Land Rover ya kitambo hapa, lazima kuna msee atauliza: "Lakini hiyo ni orijino?" Akiskia injini ya 1966 imefungwa manifoldi ya ekzosi iliyotoka kwa gari ya miaka ya themanini, anaomboleza kama mtu amebomoa Fort Jesus. Sasa leo hii mjadala tuumalize kwa historia, si kwa kelele.

Tuanzie mwanzo kabisa. Mwaka 1947, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mfuko ulikuwa umetoboka. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi pale Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi kwa shamba lake kule Anglesey. Gari ya kwanza ya majaribio ilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, ikawekwa injini ya gari ndogo ya Rover. Chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, dunia iliona gari mpya. Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi ya kuunganisha kilichopatikana. Jua kali, lakini ya wazungu. Kwa hivyo ukitafuta Land Rover "safi" isiyochanganywa, jua hata ile ya kwanza kabisa haingepita mtihani wako.

Mwaka 1958 ikaja Series II, na pamoja nayo injini ya petroli ya sisi 2,286, ile tunaita tu mbili na robo. Blok ya chuma, hedi ya chuma, silinda nne. Si injini ya mbio. Lakini iliendelea kutengenezwa mpaka 1985. Miaka 27! Katikati, mwaka 1980, waliongeza beringi za krenki kutoka tatu hadi tano. Halafu 1985 wakaipanua ikawa sisi 2,495. Kipenyo cha silinda hakikuguswa, kikabaki milimita 90.47. Walichorefusha ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 88.9 hadi 97. Yaani mtoto alirefuka, lakini mabega yalibaki ya baba.

Na hapo ndipo siri yetu iko. Kwa sababu familia ni moja, matundu ya moshi na stadi za hedi ziliendelea kufuata mpangilio ule ule. Ndiyo maana fundi anaweza kutoa manifoldi ya injini ya 2.5 na kuipeleka kwa injini iliyomtangulia kwa miaka ishirini.

Lakini kwa nini asumbuke? Fikiria kazi ya hicho kipande. Moshi unatoka kwa silinda ukiwa moto sana, chuma kinapanuka. Unazima gari, kinajikunja. Kisha unaingia mtoni na maji baridi yanakirukia. Fanya hivyo miaka arobaini uone kama hutapasuka wewe mwenyewe. Ufa ukitokea, unaskia tik-tik-tik ukikanyaga mafuta, na moshi wenye sumu unaweza kuingia hadi ndani ya kebini.

Kuna sababu ya pili. Manifoldi ya zamani inakusanya moshi wa silinda zote nne na kuutoa kwa mdomo mmoja. Ile ya baadaye ina midomo miwili inayoelekea kwa bomba lenye miguu miwili, halafu yanakutana huko chini. Injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ukiiweka 1 na 4 njia moja, na 2 na 3 njia nyingine, kila silinda inapumua bila mwenzake aliyemfuata kumpulizia moshi usoni. Usitarajie muujiza, haitageuka kuwa Subaru. Lakini kwenye mlima na mzigo, injini inayopumua vizuri haichoki haraka.

Sasa wale mnaokimbia kununua, tulieni kwanza. Kuingia kwa stadi si kukaa vizuri. Kwa injini hii, manifoldi ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi ziko upande mmoja wa hedi. Zinatumia gasketi moja, na kuna nati zinazobana zote mbili pamoja. Ukichanganya ya juzi na ya zamani na unene wa midomo yao haulingani hata kidogo, nati itashika moja na kuacha nyingine ikivuta hewa. Fundi mzuri huzifunga pamoja kwanza, kisha huzipeleka kwa mashine zisawazishwe uso kama kitu kimoja. Anaanza kukaza kutoka katikati akielekea pembeni, anaiwasha, anaiacha ipoe, anakaza tena. Na hakazi kwa hasira, kwa sababu chuma lazima kipate nafasi ya kupanuka. Ukikibana kama jela, kitapasuka tena. Bomba la mbele la Series nalo halilingani na midomo miwili, kwa hivyo lazima mtu wa kuchomelea akutengenezee lingine.

Hapo ndipo historia inaacha kuwa ya Uingereza peke yake. Hizi gari zilibeba polisi, machifu, wamisheni na watu wa wanyamapori hapa kwetu. Miaka ya sabini kiwanda cha Leyland Kenya kikaanza kuziunganisha Thika, pale palipokuja kuitwa KVM. Zilipochoka kwa serikali zikauzwa, zikaishia mikononi mwa raia. Mpaka leo ukienda Maralal na Baragoi utazipata zinabeba watu na mizigo kwa barabara zinazokataa gari zingine. Nani amezifikisha hapo? Si makumbusho. Ni mafundi wa Grogan na wa vituo vidogo, wanaojua kwa kidole tu kipande gani kinaingia wapi.

Kuna wanaosema ukibadilisha kipande umeua historia. Nawaelewa kwa jambo moja: usitupe cha zamani. Kifunge kwa gunia, ukiandike, ukihifadhi. Lakini gari iliyosimama kwa mawe ikingoja manifoldi ya 1966 haihifadhi chochote isipokuwa kuku. Mama wa Baragoi anayetaka kufikisha mgonjwa Maralal hana haja na tarehe iliyochongwa kwa chuma. Anataka iwake, na ifike.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Hii elimu ya nini inaingia wapi haijaandikwa popote kwa Kiswahili. Iko vichwani mwa wazee wenye mikono myeusi kwa oili, na vijana wao wengi wanafuata gari za kompyuta. Mzee akienda, ameenda na maktaba. Si lazima uwe na Land Rover ndiyo ujali. Kama kuna fundi mzee mtaani kwenu, mnunulie chai, muulize, washa simu umrekodi. Hiyo ndiyo orijino ambayo haiuzwi Grogan.