Imani Haiogopi Ukweli

Wapenzi vijana, tunaposoma maisha ya watakatifu, ni mara chache tunajiuliza nani aliyeyachunguza kabla hayajatufikia. Kuna watu waliojitwika kazi hiyo, na kwa jasho lao wakaweka msingi wa elimu ya Karne za Kati, yaani uchunguzi wa ile miaka ipatayo elfu moja iliyofuata kuanguka kwa dola ya Roma ya Magharibi.

Mwanzoni mwa karne ya 17, Padri Heribert Rosweyde, Myesuiti, aliona kwamba habari nyingi za watakatifu zimechanganyika na hadithi za kubuniwa. Mwaka 1607 alitangaza nia yake ya kutafuta maandiko ya zamani kabisa na kuyachapa jinsi yalivyo. Alifariki mwaka 1629, kazi ikiwa bado. Padri Jean Bolland akaipokea, na mwaka 1643 juzuu mbili za kwanza za Acta Sanctorum, zenye watakatifu wa Januari peke yake, zikachapwa mjini Antwerpen, katika Ubelgiji ya leo. Walioendeleza kazi hiyo wanaitwa Wabolandisti hata sasa.

Mmoja wao, Padri Daniel Papebroch, aliandika mwaka 1675 kanuni za kutambua hati za uongo, akatilia shaka hati za kale za monasteri ya Saint-Denis, karibu na Paris. Jambo hilo halikuwa dogo, kwa maana monasteri zilitetea ardhi na haki zao kwa hati za namna hiyo. Wabenediktini waliumia. Hata hivyo mwenzao, Jean Mabillon, hakujibu kwa matusi. Alikaa miaka kadhaa akilinganisha hati kwa hati: ngozi iliyoandikiwa, wino, mwandiko, mihuri, lugha na namna ya kutaja tarehe. Mwaka 1681 akatoa kitabu De re diplomatica, akionyesha kwamba Papebroch amezidisha shaka, na kwamba hati za kweli zinaweza kutofautishwa na za uongo kwa njia iliyo wazi. Hadi leo wanaosoma Karne za Kati hujifunza njia hiyo.

Papebroch alifanya nini? Alimwandikia Mabillon, akakiri kwamba ameshindwa, akamshukuru. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini Papebroch huyo huyo hakurudi nyuma pale alipokuwa na hakika. Wakarmeli waliamini kwamba shirika lao lilianzishwa na nabii Eliya. Yeye akaandika kwamba hakuna ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1695 Baraza la Kuchunguza Imani la Hispania likapiga marufuku juzuu za Wabolandisti. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1715, Papebroch akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Hakuliacha Kanisa, wala hakukana alichokiona.

Baadaye, mwaka 1881, Papa Leo XIII aliwafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka ya Vatikano. Alijua kwamba Kanisa lisiloficha historia yake halipotezi kitu.

Nasi tunayo masimulizi yetu: nani alitangulia kufika katika nchi, kabila gani lilimkosea jingine. Maneno ya namna hiyo hupita kinywa hadi kinywa, na siku hizi simu hadi simu, na watu wamechukiana kwa ajili yake. Kabla ya kuyapokea, tuulize kama Mabillon: nani aliyesema, lini, na ushahidi uko wapi? Tukionyeshwa kosa letu, tukubali kama Papebroch. Huo nao ni upendo wa jirani, kwa sababu kumsingizia mtu ni dhambi, hata kama aliyesingiziwa amekufa zamani.

Tujiulize katika kikundi: Ni habari gani ya zamani tunayoirudia bila kuichunguza? Na ikionekana kuwa si kweli, tuko tayari kuiacha?