Meli Kubwa ama Ndogo? Soma Hii Kabla Utume Doo ya Kabini

Ile picha ya Icon of the Seas ilipozunguka mtandaoni 2023, nusu ya wasee walisema wanaitaka, nusu wakasema inakaa keki ya harusi iliyomwagikiwa rangi. Meli yenyewe ilianza kubeba abiria Januari 2024 ikitokea Miami, na tangu hapo ukimtajia mtu meli ya kitalii anaona tu hiyo: slaidi za maji, vidimbwi saba vya kuogelea na watu kama Githurai saa moja jioni.

Ndio maana mtu akianza kuweka akiba ya safari kama hiyo, ama mbogi ikianza kuchanga, swali la kwanza huwa lile lile. Si huko ndani tutabanana? Si afadhali tutafute kameli kadogo, kametulia?

Hapo ndipo wengi hukosea, juu saizi ya meli peke yake haikuambii kama utabanwa. Kuna hesabu ndogo unaweza fanya na simu yako ukiwa kwa mathree, na ikishakupa jibu, kinachobaki ni kujua meli imepangwa vipi ndani na kabini yako iko wapi. Hiyo ya mwisho ndiyo huharibia watu safari.

Tuanze na hesabu. Kila meli ina namba inaitwa GT. Watu huita tani, lakini si uzito. Ni kipimo cha nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli: kabini, jikoni, thieta, chumba cha injini, kila kitu chenye kuta na paa. Chukua hiyo GT, gawa kwa idadi ya abiria. Namba ikiwa juu, kila mtu ana nafasi zaidi.

Icon of the Seas ina GT 248,663 na abiria 5,610 wakilala wawili wawili kwa kabini. Gawa, unapata 44 na kitu. Sasa weka kando yake Nautica ya kampuni ya Oceania, meli iliyojengwa mwaka 2000 na ambayo watu wa Mombasa washaiona pale Kilindini. GT yake ni 30,277, abiria 684 kwa hesabu ya muda mrefu. Gawa. Unapata 44 na kitu.

Ndiyo, ile ile. Moja imeizidi nyingine mara nane na bado kila kichwa kinapata nafasi sawa. Norwegian Dawn, ambayo pia imewahi tia nanga Mombasa, ina GT 92,250 na abiria 2,340. Hiyo inakuja kama 39. Na SeaDream I, kameli ka mabwanyenye ka watu 112 tu na GT kama 4,300, inakuja 38. Kwa karatasi, meli ya matajiri imebana kuliko ile ya familia na slaidi!

Kwa nini basi wateja wa SeaDream hawalii? Kwanza, deki za nje, zile za kuota jua, hazihesabiwi kwa GT. Pili, SeaDream ina wafanyakazi kama 95 wa kuhudumia hao 112. Icon ina 2,350 kwa hao 5,610, yaani mfanyakazi mmoja kwa abiria wawili na zaidi kidogo. Nautica iko katikati, na wafanyakazi kama 400. Wahudumu wakiwa wengi, hungoji kitu, na mtu asiyengoja huwa hasikii kubanwa.

Kuna mtego hapa, na kampuni hazitakuonyesha kwa tangazo. Hiyo 5,610 ni ya watu wawili kwa kila kabini. Icon ikijaa kabisa, watoto wakilala kwa vitanda vya tatu na vya nne, inabeba hadi 7,600. Rudia hesabu: 32 na kitu. Meli ni ile ile na bei pengine imepanda, lakini nafasi yako imepungua karibu robo. Hiyo hutokea shule zikifungwa Marekani, yaani katikati ya mwaka na Krismasi. Nautica haina hiyo shida sana juu wateja wake ni watu wazima.

Mpangilio wa ndani

Meli kubwa za siku hizi hazijapangwa kama meli. Zimepangwa kama mtaa. Tangu Oasis of the Seas ilipoanza kazi 2009, Royal Caribbean walikata jengo la juu katikati, wakaacha uwazi, halafu wakapanda bustani halisi hapo na kuiita Central Park. Icon imegawanywa sehemu nane. Surfside ni ya familia zenye watoto wadogo, na chakula, vidimbwi na vyumba viko hapo karibu. The Hideaway ni ya watu wazima, iko nyuma. AquaDome iko mbele kabisa, juu. Wazo ni kwamba watu wakitawanywa hivyo, hamkutani wote kwa kidimbwi kimoja.

Na inafanya kazi, mpaka wakati wote wanataka kitu kimoja. Asubuhi ya kushuka bandarini, lifti ni vita. Shoo kubwa za usiku ni afadhali ubuki mapema kwa programu ya simu, na ukilala zinajaa. Hata kuingia meli siku ya kwanza unapewa saa yako. Mtu wa kupenda kuamka na kuamua hapo hapo atasikia kama yuko shule.

Halafu kuna kutembea. Icon ina urefu wa mita 365, yaani viwanja vitatu na nusu vya mpira. Ukiwa na kabini nyuma na dishi iko mbele, ukisahau simu kwa keja umejipea mazoezi. Usicheke, fikiria kama unaenda na shosho.

Nautica ni mita 181. Ina chumba kimoja kikubwa cha kula ambapo unaketi popote saa unayotaka, mkahawa mmoja wa kujipakulia, mikahawa miwili midogo ya kubuki, kidimbwi kimoja, na maktaba yenye viti vya kusinzia. Kwa siku moja umeijua yote. Siku ya tatu barman anajua jina lako, na siku ya tano unajua ni nani hupenda kuongea kwa lifti. Wengine hulipia hiyo, wengine itawaboesha hadi watamani kuruka.

Thieta ya Nautica pia haijainuliwa ngazi ngazi. Sakafu ni tambarare, kwa hiyo ukichelewa unatazama vichwa vya watu. Kwa Icon kuna uwanja wa barafu na dimbwi la wapiga mbizi, na shoo zenyewe ziko level ya Las Vegas. Kwa burudani hakuna ushindani hapo, tusijidanganye.

Kabini je? Watu hudhani meli ndogo ina vyumba vikubwa. Si lazima. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa Nautica kina kama futi za mraba 160, na cha Icon kiko karibu na hapo hapo. Bafu za kawaida za Nautica zimejulikana kwa miaka kwa kuwa ndogo sana, ukiinama kuokota sabuni lazima upange. Meli ndogo zenye vyumba vikubwa zipo, lakini ni zile ambazo kila kabini ni switi, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Kutikisika, hapa sikilizeni vizuri

Kama umewahi panda mathree ya watu 14 kwa barabara ya mashimo halafu ukapanda basi refu kwa barabara hiyo hiyo, ushaelewa. Meli ndefu hulalia mawimbi mawili au matatu kwa pamoja. Fupi hupanda kila moja na kushuka nalo. Zote mbili huwa na mapezi chini ya kupunguza kuyumba kushoto na kulia, lakini mapezi hayazuii ile ya mbele kupanda na kushuka. Na hufanya kazi vizuri meli ikiwa inakimbia. Ikisimama, umebaki na bahari.

Kwa hiyo kubwa inashinda, lakini si kila pahali ndani yake. Icon ina deki 20. Ukilala juu kabisa na mbele kabisa, unasikia mwendo kuliko mtu aliye chini katikati. Ni kama kubembea: aliyekaa karibu na mhimili hasogei sana, aliye kwa ncha anaruka. Kama tumbo yako ni ya kulalamika, chukua kabini ya katikati, deki za chini, hata kama ni meli kubwa. Kwa meli ndogo hiyo si ushauri, ni lazima. Kinachochekesha ni kwamba kabini za juu ndizo huuzwa ghali zaidi, kwa hiyo kuna watu hulipa zaidi ndio watapike vizuri.

Bandari

Hapa meli ndogo inalipiza kisasi. Kubwa haiingii kila pahali. Venice ilifungia meli kubwa kupita katikati ya mji kuanzia Agosti 2021, na kikomo kiliwekwa GT 25,000 ama urefu wa mita 180. Ona venye Nautica yenyewe, na udogo wake wote, imezidi kikomo cha urefu kwa mita moja.

Mahali hakuna gati la kutosha, meli husimama nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo ndogo. Watu 600 hushuka upesi. Watu 5,000 ni foleni ya nusu siku, na ndiyo maana kubwa huchagua bandari zenye gati lao. Na hiyo boti inacheza wakati unaikanyaga. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kataliwa kushuka bahari ikiwa chafu, kwa hiyo kama unasafiri na mathe mwenye magoti mabaya, angalia kwa ratiba ni bandari ngapi ni za boti. Kwa upande mwingine, meli kubwa mpya huwa na vyumba vingi vilivyotengenezwa kwa walemavu, milango mipana na bafu bila kizingiti, kuliko meli ndogo ya zamani.

Sasa fungua ramani ya deki

Kila kampuni huweka ramani ya deki kwa tovuti yake, bure. Usilipe kabla hujaangalia, na usiangalie deki yako peke yake. Angalia ya juu yako na ya chini yako. Kama juu yako kuna kidimbwi, mangware utaamshwa na viti vikiburutwa. Kama chini yako kuna klabu ama thieta, besi itakuja kukulaza. Kama juu yako ni jikoni, magurudumu ya mikokoteni hayalali. Kabini yenye kabini juu na kabini chini ndiyo ya amani.

Mbele kabisa deki za chini utasikia nanga ikishushwa, na mashine za kusukuma meli pembeni wakati wa kuegesha, mara nyingi alfajiri. Nyuma kabisa kuna mtetemo wa propela. Karibu na lifti ni kelele za walevi, ingawa kwa shosho hiyo karibu ni baraka. Mlango wa kuunganisha kabini mbili pia ni mwembamba. Jirani akikoroma, mnakoroma wote. Na kwa Icon, vile vyumba vinavyoangalia ndani Central Park ni vizuri kwa picha, lakini wa ng'ambo anakuona pia. Pazia, tafadhali.

Kuna tiketi rahisi ambapo kampuni inakuchagulia kabini yenyewe. Kwa meli kubwa hiyo ni bahati nasibu, juu vyumba vibaya ni vingi. Kwa ndogo hasara si kubwa sana, labda upate ya mbele. Mimi ningelipa hiyo ziada nichague, hata kama ni kushuka kutoka balkoni hadi chumba cha ndani. Chumba cha ndani pahali pazuri kinalalika kuliko balkoni chini ya kidimbwi.

Mambo mawili ya doo kabla hujatuma. Bei inayotangazwa huwa ya mtu mmoja mkiwa wawili ndani. Ukienda solo, mara nyingi unalipia na hicho kitanda kitupu. Na Icon inatokea Miami na kurudi Miami, kwa hiyo unahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja. Tafuta viza kwanza, kabini baadaye. Kabini mara nyingi ina tarehe ya mwisho ya kurudishiwa pesa, na ubalozi haujali hiyo tarehe.