Ramani za Kidijitali Zinavyosaidia Kufuatilia Njia za Watumwa Shinyanga na Geita

Njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Matawi yake ya kaskazini hayafahamiki sana. John Hanning Speke alifuata mojawapo mwaka 1858, kutoka Tabora kupitia Usukuma hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1861, yeye na James Grant walipita Uzinza, ambayo sehemu yake leo imo Mkoa wa Geita, wakielekea Karagwe.

Biashara ya Atlantiki ina kumbukumbu za safari za meli zaidi ya 36,000 katika kanzidata ya SlaveVoyages. Misafara ya bara haikuwa na daftari la bandari. Mtafiti hulazimika kukusanya majina ya vijiji, visima na makambi kutoka shajara za wasafiri, ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000 na masimulizi ya wazee, kisha kuyaingiza katika mfumo wa taarifa za kijiografia. Ramani kongwe huoanishwa na picha za setilaiti kwa alama zisizohama, kama vilele vya milima. Latitudo za wasafiri huaminika kuliko longitudo, ambazo mara nyingi zilitegemea saa zilizopoteza majira njiani. Kazi ngumu zaidi ni majina: vijiji vingi viliitwa kwa jina la mtawala, naye akifariki jina hubadilika. Hapo ndipo wazungumzaji wa Kisukuma na Kizinza huwa mashahidi wasio na mbadala.

Tahadhari inahitajika pia. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa watu huru waliolipwa ujira, hivyo si kila kambi ya msafara ilikuwa kituo cha watumwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja mabaki ya kabla ya mwaka 1863, ilhali soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Maeneo ya miaka hiyo ya baadaye hulindwa kwa tangazo la Waziri mwenye dhamana, na ni vigumu kutangaza eneo lisilo na majiranukta. Katika ukanda wa dhahabu, shimo moja la mchimbaji hutosha kufuta kambi nzima. Anayegundua mabaki ya kale anawajibika kisheria kutoa taarifa kwa mamlaka, na ni vema asiyahamishe, kwa kuwa ushanga ulioondolewa mahali pake hauwezi tena kuwekwa kwenye ramani.